Hujapuliziwa dawa: jinsi akili inavyoamua kununua

Mtu anaondoka Mbalizi asubuhi na elfu sitini mfukoni. Anakwenda soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, kununua viatu vya shule vya mtoto, basi. Jioni anashuka kwenye daladala na viatu, ndiyo, lakini pia na koti la mtumba, seti ya vikombe sita na deni la nauli. Akiulizwa nyumbani, jibu huwa mojawapo kati ya mawili: "Yule kaka ana maneno," au, kwa sauti ya chini, "Wale watu wana dawa."

Habari za dawa ya mvuto si za leo. Vibao vya waganga vilivyopigiliwa kwenye nguzo na miti ya barabarani huzitaja waziwazi: mvuto wa wateja, nyota ya biashara, kinga ya chuma ulete. Na tangu biashara ihamie kwenye simu, lawama imepata mlango mwingine: simu "inatusikiliza", ndiyo maana ukitaja friji tu, tangazo la friji hilo hapo. Malalamiko yote haya yana swali moja ndani yake. Mbona nimenunua kitu ambacho sikukusudia?

Swali hilo limefanyiwa kazi na wanasaikolojia na wachumi kwa zaidi ya miaka hamsini, na majibu yao hayahitaji hirizi.

Tuanze na maneno yenyewe

Kununua huonekana kama tendo moja, la kutoa hela na kupokea mzigo. Kwa kweli ni safari ya hatua tano. Kwanza unahisi pengo: viatu vimechanika, chumvi imeisha, jirani ameweka sola. Pili unatafuta. Tatu unalinganisha. Nne unalipa. Tano, na hii husahaulika sana, unajihukumu baada ya kulipa. Kwa chumvi, safari nzima huisha kwa sekunde chache. Kwa pikipiki huweza kula miezi sita.

Mwanazuoni wa Marekani, Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kwamba binadamu hatafuti kilicho bora kabisa. Hutafuta mpaka apate kinachotosha, halafu huacha. Anayenunua nyanya Sokomatola hazunguki meza zote. Hupita mbili tatu, akiona fungu linalomridhisha, anafungua pochi. Huo si uvivu. Muda nao una bei, na nyanya ni nyanya.

Mambo hugeuka kwenye hatua ya tatu. Ili ulinganishe, lazima uwe na kitu cha kulinganisha nacho. Hicho tukiite kigezo. Ukiniuliza kama elfu ishirini na nane ni bei kubwa, sina jibu mpaka uniambie ni ya nini, iko sokoni au dukani, jana ilikuwa ngapi, na ya jirani ni ngapi. Akili haina mizani ya kupima thamani ikiwa peke yake. Inachojua ni tofauti: kubwa kuliko kile, rahisi kuliko pale, bora kuliko cha fulani. Kwa hiyo anayekupa kigezo ndiye aliyeshika usukani, na mara nyingi huyo ni muuzaji.

Bei ya kwanza kutajwa

Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha jaribio ambalo mtu akilisikia hucheka. Waliweka gurudumu la namba kama lile la bahati nasibu, lakini lilikuwa limetegwa: lilisimama kwenye 10 au 65 tu. Mtu alizungusha, akaona namba, kisha akaulizwa: je, nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Walioangukiwa na 10 walikisia kama asilimia 25. Walioangukiwa na 65 walikisia kama 45. Kila mmoja alijua namba ile imetoka kwenye gurudumu na haina undugu wowote na Afrika. Bado iliwavuta.

Sasa rudi Mwanjelwa, kwenye meza ya makoti.

"Shika hili, mama. Gredi ya kwanza hili, angalia zipu. Arobaini na tano."

"Mh! Kumi na tano."

"Kumi na tano hata mtaji haurudi, mama yangu. Lakini hujafika leo tu, wewe ni mteja. Nifungulie biashara, lete thelathini na tano."

Wanavutana, wanamalizana kwenye elfu ishirini na nane. Mama anaondoka akijua ameokoa elfu kumi na saba. Lakini elfu arobaini na tano imetoka wapi? Haijatoka kwenye belo, wala kwenye ushuru, wala kwenye bei ya meza ya pili. Imetoka mdomoni. Kazi yake ilikuwa kusimika kigingi, na mazungumzo yote yaliyofuata yalizunguka kigingi hicho. Angeanza na thelathini, wangemalizana karibu na ishirini, na mama angeondoka na furaha ileile.

Hapa kinga ni ya kiufundi kabisa. Njoo na bei yako kichwani, na bora zaidi iandike kwenye simu, kabla ya kugusa kitu. Ukitaka kuijua bei ya soko, uliza kwenye meza tatu ambazo huna nia ya kununua, halafu anza na ile ya chini kabisa kati ya hizo; usianze na ya katikati. Na ukitajiwa bei iliyozidi mara mbili ya unayoijua, usijibu kwa namba. Ukijibu kumi na tano kwa arobaini na tano, tayari umekubali kwamba mazungumzo yako kati ya namba hizo mbili. Sema tu "siyo bei hiyo," kisha nyamaza au songa mbele. Ukiitwa nyuma, bei ya kuitia ndiyo ya kuanzia.

Bei iliyoandikwa nayo ina ujanja wake. Kule Marekani watafiti Eric Anderson na Duncan Simester walichapisha mwaka 2003 jaribio la nguo zilizouzwa kwa orodha ya posta. Nguo ileile iliandikwa dola 34 kwa wateja wengine, 39 kwa wengine na 44 kwa wengine. Iliyouzika zaidi ni ya 39, hata kuliko ya 34. Jicho hukamata tarakimu ya kwanza, na ile tisa ya mwisho imezoeleka kama ishara ya punguzo. Kwetu ujanja huu hufanya kazi kwenye maduka makubwa na matangazo ya simu, lakini sokoni hufa kwa sababu rahisi: hakuna chenji. Kitu cha elfu tisa mia tisa na hamsini kitakupa kiberiti badala ya hamsini yako, na hapo furaha ya punguzo imekwisha.

Nyongeza

Chukua muuza maharage mwenye sado, lile kopo la lita nne ambalo maisha yake ya kwanza lilikuwa la rangi. Kuna namna mbili za kulijaza. Wa kwanza analichota likafurika, kisha anapangusa kwa mkono mpaka likalingana. Wa pili anajaza mpaka karibu na ukingo, anatikisa kidogo, anakutazama usoni, anaongeza konzi moja, halafu ya pili, kikatokea kilima juu. "Na hii ya mtoto," anasema. Hata mizani ikionyesha kuwa wa kwanza alikupa zaidi, utarudi kwa wa pili.

Kahneman na Tversky walieleza sababu mwaka 1979: mtu hapimi alichonacho, hupima alichopata au alichopoteza kuanzia pale alipokuwa. Tena kupoteza huuma takriban mara mbili ya utamu wa kupata kiasi hichohicho. Mkono unaopangusa maharage ya juu ya kopo unakunyang'anya, hata kama hayakuwa yako bado. Mkono unaoongeza unakupa zawadi. Na zawadi huleta deni. Aliyeongezewa huona haya kwenda meza ya jirani wiki ijayo.

Sipingi nyongeza, ni adabu ya soko na bila hiyo soko lingekuwa kama benki. Lakini wakati unatazama kilima, hutazami kitako. Kopo ambalo kitako chake kimesukumwa ndani kwa sentimita 2, ikiwa upana wake ni sentimita 17, limepoteza karibu nusu lita, yaani zaidi ya sehemu ya kumi ya kipimo. Konzi mbili za nyongeza hazilipi hasara hiyo. Pindua kopo kabla ya kupimiwa, au omba upimiwe kwa mizani. Muuzaji asiye na neno hatachukia.

Jicho hilohilo linalodanganywa na urefu wa kilima ndilo lililoifanya lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, idumu kwenye viazi, ingawa huko anayeumia ni mkulima na sheria ya vipimo inaikataza. Gunia lililoshonewa kichwa huonekana limezidi kidogo tu kwa sababu mtu huhesabu gunia moja, hahesabu kilo.

"Kujaribu si kununua"

Maneno haya utayasikia kwenye kila meza ya viatu, na yana uongo ndani yake. Mwaka 1990 Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe vya kawaida na wengine hawakupewa. Wenye vikombe waliulizwa watauza kwa kiasi gani, wasio navyo watanunua kwa kiasi gani. Waliopewa walitaka takriban mara mbili ya walichokuwa tayari kutoa wenzao, na walikuwa wamevimiliki kwa dakika chache tu. Kitu kikiwa mkononi mwako, kukirudisha huhesabika kama hasara.

Angalia anavyofanya muuza viatu mzoefu. Anakukalisha. Anakuvalisha vyote viwili, maana kimoja hakitoshi. Anakuletea kioo. Kisha, huku bado mnabishana bei, anakitia kile kiatu chako cha zamani kwenye mfuko mweusi na kukufungia, nawe unabaki umevaa vipya. Sasa kukataa si kusema hapana tu. Ni kuvua, kufungua mfuko, kuvaa cha zamani mbele za watu. Njia ya kujinasua ni moja: jaribu, vua, mrudishie mkononi mwake, ndipo mtaje bei.

Watu waliokusanyika nao hufanya kazi yao. Belo likifunguliwa alfajiri, wanaochambua kwanza ni wafanyabiashara wenzake muuzaji, na macho yao hujua. Wewe ukifika saa nne ukakuta msukumano, unadhani bado kuna kizuri. Huenda kipo. Lakini mwingine aliyesukumana nawe yuko pale kwa sababu alikuona wewe. Na salamu: muuzaji wa Mwanjelwa akihisi lafudhi ya Tukuyu atakwambia "Ugonile!", na wa Soko Kuu la Iringa ataanza na "Kamwene!" hata kama yeye mwenyewe kwao ni Singida. Tunamwamini anayefanana nasi, na kumkatalia mtu wa nyumbani ni kazi.

Pesa ina majina

Kwa mchumi wa zamani, elfu kumi ni elfu kumi, iwe ya kibarua au ya kuokota. Richard Thaler, aliyepata Nobel mwaka 2017, alionyesha kwamba vichwani mwetu pesa huwekwa kwenye mafungu yenye majina, na kila fungu lina sheria zake. Hili halihitaji profesa kwa mtu wa Mbozi. Hela ya kahawa si hela ya kibarua. Ya kibarua imekuja kidogokidogo na kwa jasho, inakwenda kwenye unga na sabuni. Ya kahawa imekuja kwa mkupuo, inaonekana kubwa, na ndiyo maana magodoro, spika na pikipiki hufika Vwawa na Mlowo kwa wakati uleule malipo yanapofika. Wafanyabiashara hao hawajasoma Thaler. Wamesoma kalenda.

Kuna upande wa pili wa kalenda hiyo. Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huvunwa kuanzia katikati ya mwaka, na mbolea ya kupandia inahitajika Novemba na Desemba. Julai mkulima ana hela na hana haraka ya mbolea. Novemba ana haraka na hana hela. Wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu jambo hili magharibi mwa Kenya, wilayani Busia, na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Wakulima walifuatwa mara tu baada ya mavuno na kuuziwa mbolea papo hapo kwa bei ya kawaida, wakiahidiwa kuletewa nyumbani bure msimu ukifika. Punguzo ni nauli ya mzigo tu. Matumizi ya mbolea yaliongezeka karibu kama ambavyo yangeongezeka bei ingeshushwa nusu. Wengi walikuwa wanataka mbolea tangu mwanzo; kilichokosekana ni mtu wa kuwauzia wakati fungu la mavuno bado lina jina moja. Kwa kikundi chochote cha Mbarali au Mufindi, jambo hili linaweza kufanywa bila mfadhili: mweka hazina anakusanya hela ya mbolea siku ya kuuza mazao, si siku ya kupanda.

Na Februari, mahindi yakiwa mabichi shambani na ghala limebaki vumbi, akili nayo hubanwa. Utafiti uliochapishwa 2013 kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, uliwapa watu walewale mazoezi ya akili kabla na baada ya mavuno. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Ukata hula nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana mikopo ya kausha damu hupata wateja wepesi miezi hiyo: kiasi cha kulipa kila siku ni kidogo, na kichwa kilichochoka hakijumlishi.

Basi tujumlishe. Tuchukue simu ya elfu 250 kwa fedha taslimu, inayotolewa pia kwa kianzio cha elfu 50 na shilingi 1,200 kila siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 1,200 mara 365 ni 438,000. Ongeza kianzio: 488,000. Tofauti ni 238,000, inakaribia simu ya pili. Muuzaji hakudanganya popote. Alibadilisha kigezo tu. Elfu 250 unailinganisha na ada ya shule. Shilingi 1,200 unailinganisha na chai na maandazi.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Malipo ya kila siku si utapeli kwa asili yake. Dereva wa bodaboda anaingiza hela kila siku, na mkataba unaodai kila siku unafanana na mfuko wake. Sola inayochukua nafasi ya mafuta ya taa, yaliyokuwa yakinunuliwa kila jioni, inaweza kujilipa. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja, na ajibu kwa namba moja: "Nikimaliza kulipa, jumla nitakuwa nimetoa shilingi ngapi?" Akianza tena habari za kila siku, rudia swali.

Vipimo vidogo ni ndugu wa mchezo huo. Debe ni lita 20, sawa na sado tano. Ikiwa debe la maharage ni elfu 45 na sado ni elfu kumi, anayenunua kwa sado hulipa elfu tano zaidi kwa kila debe. Mara nyingi yeye hakosei hesabu. Hana elfu 45. Majirani watatu wakichanga, tatizo limeisha.

Kisichoonekana ndani

Vitu vingine ubora wake hauonekani siku ya kununua. Hapo akili hutafuta dalili: jina, harufu, rangi, bei yenyewe. Mchele wa Kyela umejijengea heshima kwa harufu yake, matokeo yake mchele wowote wenye kunukia kidogo, uwe wa Usangu au wa kwingineko, ukifika mbali huitwa Kyela. Jina limekuwa kigezo na kigezo kimekuwa bidhaa. Afadhali mikono na meno: mimina kidogo kiganjani uone chenga na mawe, sugua usikie kama kuna vumbi la pumba, tafuna punje mbili tatu. Punje iliyokauka vizuri hupasuka, mbichi hubonyea. Na ukumbuke mchele mpya hushikana kwenye sufuria, wa zamani huchambuka na kuongezeka, kwa hiyo kunukia na kujaa sufuria ni vitu viwili.

Dalili huweza kutudanganya hata pale ambapo hakuna anayetudanganya. Wakulima wengi wanaamini mbolea ya dukani imechakachuliwa, hasa urea iliyoganda mabonge. Utafiti uliochapishwa 2021 ulichukua sampuli kutoka kwa wauzaji wa mkoa wa Morogoro na kuzipima maabara. Kiasi cha nitrojeni karibu zote kilikuwa sawa na kilichoandikwa. Lakini nyingi zilikuwa na mabonge au rangi iliyofifia, na wakulima walizihukumu kwa sura. Urea hunyonya unyevu. Ikikaa kwenye ghala lenye sakafu chepechepe, inaganda. Ponda bonge, itafanya kazi. Hii haina maana kwamba hakuna mbolea feki nchini, ina maana kwamba bonge si ushahidi wake. Kagua mshono wa mfuko, uzito wa kilo 50 kwenye mizani, na risiti.

Yanayosemwa vijiweni

Husemwa wanawake hununua kwa hisia na wanaume kwa akili. Mtaalamu wa mishipa ya fahamu Antonio Damasio aliwachunguza watu walioumia sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayounganisha hisia na maamuzi. Akili zao za hesabu na lugha zilibaki timamu. Mmoja alichukua karibu nusu saa akipima tarehe mbili za miadi, asiweze kuchagua. Bila hisia hakuna kuamua, kwa jinsia yoyote. Na anayebisha akawatazame wanaume wanavyochagua rimu za gari.

Husemwa kuna matangazo ya siri yanayopita haraka jicho lisione. Chanzo ni mtafiti wa masoko James Vicary, aliyedai mwaka 1957 kuwa amewauzia watazamaji wa sinema bisi na Coca-Cola kwa maneno yaliyomulikwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwaka 1962 alikiri kuwa hakuwa na data ya maana. Tangazo linalokufuata kwenye simu halihitaji sikio. Linatosheka na ulichotafuta, kurasa ulizofungua na mahali ulipo.

Husemwa pia kuwa duka lenye aina nyingi huuza zaidi, na siku hizi kinyume chake, kwamba aina nyingi hufukuza. Jaribio la jamu la mwaka 2000, la Sheena Iyengar na Mark Lepper, ndilo husimuliwa: kwenye meza ya aina 24 asilimia 3 ya waliosimama walinunua, kwenye ya aina 6 asilimia 30. Lakini uchambuzi wa mwaka 2010 uliojumlisha majaribio mengi ulikuta wastani wa athari hiyo unakaribia sifuri. Inategemea kama mnunuzi anajua anachotaka. Fundi cherehani hababaiki mbele ya rangi arobaini za uzi.

Usomi nao si kinga. Waliopewa vikombe kwenye yale majaribio ya Kahneman na wenzake walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu.

Umepigwa?

Inabaki hatua ya tano. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza kwamba mtu hawezi kukaa kwa raha na mawazo mawili yanayogombana. "Mimi ni mjanja" na "nimelipa bei kubwa" haviishi nyumba moja. Kimoja lazima kihame, na kwa kawaida kinachohama si cha kwanza. Ndiyo maana mtu akishanunua pikipiki huanza kuona ubora wake kuliko siku aliyokuwa anaichagua.

Lakini kuna anayekusubiri mlangoni. "Koti zuri! Umechukua ngapi?" Mama wa koti la elfu ishirini na nane anajua swali lina mtego, akitaja bei kamili atasikia neno moja tu, "umepigwa," na koti litapoteza joto hapohapo. Kwa hiyo anapunguza kidogo.

"Kumi na nane."

Jirani anatikisa kichwa kwa heshima, anaiweka ile kumi na nane kichwani, na Jumamosi anapanda daladala ya Mwanjelwa. Kwenye meza ileile anaambiwa arobaini na tano. Anarudi jioni mikono mitupu, amekasirika, anawaambia watu wa nyumbani kwamba wale wauzaji hawafai, wana dawa.